Ukuta wa Magharibi

Oktoba ndio mwezi wa korosho huku Nandagala, wilayani Ruangwa, na ndio mwezi ambao jua la saa sita husimama utosini kabisa. Mama ameinama chini ya mikorosho tangu asubuhi. Usiku anapotaka kupumzika, chumba kinafuka joto. Watoto wanasukuma chandarua pembeni, na mbu wanangoja hilo hilo.

Mpenzi msomaji, wengi wetu hulaumu bati. Kweli, mchana bati huwaka. Lakini ni jembamba, na jua likizama hupoa upesi. Joto la saa nne usiku hutoka ukutani. Ukuta mnene wa tofali au udongo hunywa jua polepole, kisha hulirudisha ndani saa kadhaa baadaye, watoto wakiwa wamelala. Ukuta wa magharibi ndio mbaya kupita wote, maana jua la saa tisa na saa kumi huupiga moja kwa moja, tena hewa imekwisha pata moto.

Ajabu ni kwamba penye baridi jambo hili hili ni neema. Huko Odeillo, katika milima ya Ufaransa, mwaka 1967 Félix Trombe na Jacques Michel walijenga nyumba yenye ukuta mnene mweusi uliofunikwa kioo mbele. Mchana ukuta hushika jua, usiku hupasha vyumba. Hata kwetu, mama wa Makete anayeingiza jiko la mkaa chumbani (hatari kubwa, hewa yake huua bila harufu!) angefaidika na madirisha ya kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai jua hupita upande huo.

Nandagala tunataka kinyume chake. Anayeanza kujenga aelekeze pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, ili magharibi ubaki upande mfupi usio na dirisha kubwa. Wazee wa hapa waliojenga kwa fito na udongo walishusha paa la nyasi chini sana, likatia ukuta kivuli. Nyumba ikiwa imekwisha simama, ongeza upenu wa magharibi, au panda mwembe hatua kadhaa kutoka ukutani, mizizi isifike kwenye msingi. Mwembe huchukua miaka. Kwa sasa paka ukuta huo chokaa nyeupe mwezi wa Septemba, kabla joto halijapanda.