Mikono ya mama haitoshi

Simu ya dada iliingia saa kumi alfajiri, Februari mwaka jana. Dada ni muuguzi huko Alaska, Marekani. Vijiji vingi vya huko havifikiwi kwa barabara, hivyo watu hupanda ndege ndogo kama sisi tunavyopanda daladala.

"Mdogo wangu, tumeanguka," alisema. "Tuko hai. Mama usimwambie kwanza."

Walikuwa wanatua kijijini kwenye ndege ya injini moja. Theluji chini nyeupe, wingu juu jeupe. Katika hali hiyo hata rubani mzoefu hudanganywa na macho, asijue ardhi iko umbali gani. Magurudumu yalipiga chini kwa kishindo, ndege ikateleza, pua ikazama kwenye tuta la theluji.

Mpwa wangu, wa miezi 11, alikuwa amepakatwa. Sheria ya Marekani inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 kupakatwa, ingawa mamlaka ya anga inashauri awe na kiti chake. Alimponyoka mama yake, akagonga kiti cha mbele na kuvunjika mtulinga.

"Nilimshika," dada alirudia huku akilia. "Nilimshika kweli."

Nilimwamini. Tatizo si upendo, ni uzito. Mwendo ukikatika ghafla kwa nguvu mara 10 ya uvutano wa dunia, mtoto wa kilo 9 huvuta kama gunia la kilo 90. Hakuna mama wa kulizuia hilo kwa mikono.

Nilipokata simu nikaona aibu. Jumapili iliyopita nilikuwa nimempakata mwanangu kiti cha mbele cha gari, tukienda kanisani. Mimi, ninayewaandikia wenzangu habari za afya!

Wiki hiyo nilinunua kiti cha mtoto. Kinafungwa siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari. Mama alipokiona alicheka: "Ninyi tuliwapakata, mbona mmekua?"

Ndipo nikamweleza yaliyompata dada. Alinyamaza muda mrefu.

"Amepona?" aliuliza.

"Amepona, mama. Anatembea."

Siku hizi tukipanda gari, mama ndiye anayevuta ule mkanda wa mjukuu wake kuhakikisha umekaza. Anauvuta mara mbili, kisha anasema, "Haya, twendeni."