Baridi Haiwashi Seva

Jamani, watu wa kompyuta wana hadithi wanayoipenda sana: peleka seva zako nchi ya barafu, baridi itazipoza bure, nawe utabaki kuhesabu faida. Nimeifuatilia kwa muda sasa. Kilichonivutia si baridi, ni majenereta.

Tuanze Luleå, kaskazini mwa Uswidi, si mbali na Duara la Aktiki. Facebook walifungua kituo chao cha data pale mwaka 2013. Ni kweli hewa ya nje inapoza mitambo. Lakini seva yenyewe inakula umeme uleule ambao ingekula ikiwa Dar es Salaam au Mombasa. Umeme huo unatoka kwenye mabwawa ya Mto Lule, na gridi ya huko inaaminika kiasi kwamba kampuni ilisema imepunguza majenereta ya akiba kwa asilimia 70.

Asilimia 70! Sisi tuliokulia kwenye mgao, ambako hata kinyozi ana jenereta mlangoni, tunajua maana yake. Jenereta ni kipimo cha imani. Ukiuamini umeme wako, hununui mengi.

Hata hivyo hawakuyaondoa yote. Umeme ukikatika, betri hubeba mzigo kwa dakika chache tu, mpaka jenereta liwake. Na hapo ndipo baridi inapogeuka adui. Dizeli ya kawaida ikipoa sana hutoa nta inayoziba chujio. Oili inakuwa nzito, betri nazo zinapungua nguvu. Kwa hiyo inatakiwa dizeli ya msimu wa baridi, chumba cha betri chenye joto, na hita ya kuipasha injini usiku na mchana. Yaani kwenye nchi ya baridi ya bure, unatumia umeme kupasha moto mashine inayosubiri umeme ukatike!

Sasa twende Iceland, ambako karibu umeme wote unatokana na maji na jotoardhi. Desemba 2021 maji yalipungua mabwawani. Landsvirkjun, kampuni ya umeme ya taifa, ikawapunguzia umeme baadhi ya wateja wakubwa, vikiwemo vituo vya data na viwanda vya unga wa samaki. Viwanda hivyo vikarudi kuchoma mafuta. Hakuna nguzo iliyoanguka. Maji hayakutosha, na jenereta la akiba limewekwa kwa ajili ya saa kadhaa, si kwa ukame wa miezi.

Ila walioguswa walijua mapema. Walikuwa wamenunua umeme kwa mikataba inayoruhusu kupunguziwa siku ya upungufu. Nani akatwe kwanza lilikuwa jambo la kwenye karatasi, si la kupigiana simu usiku.

Nawaza hilo kwa sababu mwaka 2024 Microsoft na G42 walitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, Kenya, kitakachotumia jotoardhi. Olkaria haina baridi ya Aktiki, na mimi sioni kama hilo ndilo tatizo. Ninachotaka kukisoma kwenye mikataba ya namna hii ni kifungu kimoja tu: siku umeme usipotosha, kinazimwa nini kwanza, seva au mtaa wenye zahanati?

Tuulize sasa, kabla nyaya hazijavutwa.