Mali Bila Daftari: Bustani Zetu Zaishia Wapi?

Msomaji, Jumapili kama hii, watoto wakianza kukusumbua uwatoe nyumbani, wapeleke City Park, jijini Nairobi. Abiri matatu inayopita barabara ya Limuru. Ukibeba ndizi, zifiche vyema, kwani kima wa pale hawana haya. Watakupora mchana kweupe!

Humo ndimo alimozikwa Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, karibu na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa mwaka wa 1965.

Mkiisha kupumzika kivulini, waulize watoto swali hili: bustani hii inaanzia wapi na kuishia wapi? Hapo hata wewe mzazi huenda ukabaki kukuna kichwa.

Swali hilo si la mzaha. Mwaka wa 1989, jumba la orofa 60 lilikusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa, lakini mradi ukafa. Mwaka wa 1991 ilikuwa zamu ya bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikaokoka. Mnamo Januari 1999, Profesa Maathai alipigwa hadi akatokwa na damu alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura. Leo familia huendesha baiskeli humo.

Hizo ziliokolewa kwa sababu zilikuwa na watetezi. Je, zile ndogo? Katika mtaa nilikolelewa, Eastlands, tulikuwa na uwanja wa kuchezea mpira. Asubuhi moja tulikuta mabati yamezungushwa. Wazee waliuliza, wakaambiwa kuna mtu mwenye hatimiliki. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumjibu. Leo pana maduka, na watoto wanacheza barabarani, magari yakiwapigia honi.

Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo bustani na viwanja, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Utasema, mbona tuna Ardhisasa, mtandao uliozinduliwa Aprili 2021? Ni kweli, na ni hatua njema. Lakini humo unatafuta ploti kwa nambari yake. Nani kati yetu ajuaye nambari ya uwanja wa mtaani?

Tunachohitaji ni daftari la wazi, ambalo hata mwanafunzi anaweza kulifungua kwa simu: jina la bustani, ramani ya mipaka, ukubwa, nambari ya ploti, ofisi inayoitunza, na picha. Kipande kikimegwa, kila mtu aone. Sheria ya mwaka wa 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali.

Basi leo, kabla ya kurudi nyumbani, zungukeni ua pamoja na watoto. Hesabuni malango, pigeni picha, mwandike tarehe. Siku mabati yatakapozungushwa, angalau mtakuwa na karatasi ya kujibu.