Kibaraza cha Uani Kabla ya Kibaraza cha Mbele

 

Msimu wa harusi ukikaribia, wateja wanaoingia dukani kwetu huwa wa namna mbili. Wa kwanza wanataka nguo. Wa pili nguo wameshamaliza, sasa wanataka mapazia na mito ya nyumba mpya, na siku hizi karibu kila mmoja anatoa simu anatuonesha picha: kibaraza cheupe, makochi ya kamba, mito ya rangi ya krimu, vitaa vidogo vidogo vinaning'inia, na bustani ya kijani kwa nyuma. "Dada, tunataka kama hiki." Sisi kabla ya kushika futi ya kupimia huuliza masuali mawili tu. Kibaraza chako kinatazama wapi? Na nani atakaa hapo, saa ngapi?

Wengi hunyamaza. Picha ile imepigwa nchi nyengine, hatuujui upepo wake, na mwenye nyumba huenda havai hata mtandio. Sisi tunaishi kisiwani. Tuna jua, tuna hewa ya chumvi, tuna kusi na masika, na tuna stara zetu.

Kwa hiyo tunasema wazi, na anayetaka kutubishia atubishie: kama fedha zinatosha kibaraza kimoja tu, kijenge uani.

Wazee wetu walilijua hili. Tembea Mji Mkongwe utaziona baraza za mawe nje ya nyumba, zimeungana na ukuta. Hapo ndipo wanaume walipokaa na bado wanakaa, wakanywa kahawa na wakapokea wageni wao bila ya kuwapitisha kwa wanawake. Wanawake walikuwa na ua wao ndani. Kila mtu alikuwa na pahala pake pa kupunga upepo. Hata Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 ameieleza benjile ya Beit el Mtoni, ile roshani kubwa ya mviringo iliyoelekea bahari, ambako jamaa wa nyumba ile walikuwa wakikusanyika kwa kahawa. Watu wakifikiria veranda huikumbuka Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 na nguzo zake za chuma, kwa sababu ilijengwa ionekane. Sisi roho yetu iko zaidi kwenye ile benjile.

Sasa angalia nyumba zetu mpya za Fuoni au Tunguu. Nyumba imewekwa katikati ya kiwanja, mbele kuna kibaraza cha nguzo nne kinatazama geti na njia, nyuma kuna tangi la maji, kamba ya kuanikia na pahala pa kuoshea vyombo. Mwanamke akitaka kukaa nje ya nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoifagia asubuhi, anavaa buibui! Matokeo yake hakai. Yumo ndani na feni mpaka umeme ukatike.

Mwaka aliofariki baba yetu, mama alikaa eda miezi minne na siku kumi. Nyumba yetu ilikuwa na kibaraza kizuri cha mbele, baba alikijenga kwa mikono yake, na kinatazama njia kabisa. Mama hakukikalia hata siku moja ya eda. Wiki za mwanzo alikuwa chumbani, mlango umerudishwa, wageni wanaingia na kutoka, na joto la mwezi wa pili mnalijua. Ndipo kaka zetu wakafunga ua wa makuti nyuma ya jiko, wakaezeka bati mbili na kutandika mkeka. Kila ikisaliwa Alasiri mama alitoka pale na tasbihi yake. Hakukuwa na pambo lolote, na wala hakutaka, kwani mwenye eda hajipambi. Palikuwa na upepo, kuku wawili wa jirani, na makopo matatu ya mrehani. Alianza kula vizuri tangu wiki ile. Ukumbi wa mbele ulijaa viti vya wageni na hakuna aliyemfaa kama kile kibanda.

Tunayasema haya kwa bi harusi, tukijua si maneno ya kumwambia mtu wiki ya harusi yake, kwa sababu nyumba unayoipanga leo ndiyo utakayouguzia homa, utakayolelea arubaini ya uzazi na utakayokaa siku zote ambazo mwanamke hatoki.

Haya, tuje kwenye kuchagua.

Kwanza jua. Kibaraza kinachotazama magharibi kinapokea jua la jioni usoni, saa zile zile unazotaka kukaa. Kinachotazama mashariki kina jua la asubuhi, zuri kwa kuanika na kwa mtoto mchanga, na baada ya Adhuhuri kina kivuli cha nyumba yenyewe. Kama unaweza kuchagua, chagua mashariki. Kisha upepo: kaskazi inavuma kuanzia Disemba hadi Machi, kusi inashika baada ya hapo na kuendelea miezi mingi, na masika huja na mvua ya kupeperuka. Usikizibe kibaraza pande zote kwa kuogopa mvua, acha pande mbili upepo uingie na utoke. Na kwa vile sisi Unguja kibla yetu inakaribia kuwa kaskazini moja kwa moja, pima mapema pahala pa kutandikia misala, ili usije ukaweka nguzo au kochi hapo.

Kina chake kiwe futi nane. Futi nne ni njia ya kupita, si pahala pa kukaa. Ukitandika mkeka, ukaweka sinia ya chai na watu wanne wakakaa, lazima awepo pahala wa kupita na buli bila ya kuruka miguu ya bibi. Sakafu iinamie nje kidogo maji yatoke, na marumaru iwe ya kukwaruza. Ile inayong'aa ikirowa inavunja viuno vya watu wazima.

Paa la makuti lina ubaridi wake na sisi tunalipenda, ila baada ya miaka michache linataka kubadilishwa, na chini yake usiache chetezo wala jiko la makaa bila ya mtu. Bati ni la kudumu lakini ni joto na mvua ikinyesha hamsikilizani. Ukiweka bati, chini yake tia dari ya mianzi au majamvi. Misumari na kulabu zote ziwe zilizopakwa madini ya kuzuia kutu, chumvi ya huku haina huruma.

Stara ndiyo yenye hesabu yake. Ukuta wa matofali ya matundu unapitisha upepo na kuficha. Kimia cha mbao ni kizuri zaidi kwa macho na ghali zaidi kwa mfuko. Ua wa makuti ni rahisi na unapendeza kuliko watu wanavyoudharau. Wengi wanategemea pazia jepesi la neti, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Mchana, nje kukiwa na mwanga na ndani kivuli, neti inakuficha. Usiku mambo yanageuka. Ukiwasha taa kibarazani na nje kiza, aliyeko njiani anakuona mpaka hina ya mikononi. Fanya mtihani huu kabla ya kuhamia: baada ya Maghrib washa taa zote, wewe kaa pale utakapokuwa ukikaa, mume wako au kaka yako asimame njiani, kisha apande na kwenye ghorofa ya jirani kama jirani ataridhia. Anachokiona yeye ndicho watakachokiona watu. Taa ya chini, yenye mwanga wa manjano, iliyowekwa nyuma ya kuta badala ya juu ya kichwa, inapunguza nusu ya tatizo.

Na saa za mchana pia si za kudharau. Katika Sura An-Nur, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu za faragha: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa joto la Adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Nyakati hizo hata watoto wa ndani ya nyumba wanatakiwa waombe ruhusa. Saa mbili katika hizo tatu ndizo tunazokimbilia kibarazani kutafuta upepo, basi ndizo za kupimia.

Mwaka jana alitujia mwari mmoja na mama mkwe wake mtarajiwa. Mama mkwe alitaka kibaraza cha mbele, cha nguzo na mito ya velveti nyekundu, ili wageni wa harusi wakifika wakione. Hoja yake haikuwa mbaya, mtu mzima anapenda nyumba ya mwanawe isifiwe. Mwari alikuwa kimya muda wote, mpaka mama alipotoka kupokea simu. Akatwambia, "Dada, fedha za kibaraza ni mahari yangu."

Hapo mambo yakabadilika, kwa sababu mahari ni haki ya mke, si ya mume wala ya ukoo wa mume. Akipenda anatoa, asipopenda hatoi. Tukamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Tukamwambia pia asije akaingia nyumba mpya kwa ugomvi, kwani mama mkwe ni mama. Alirudi wiki ya pili na mpango wake mwenyewe, tena bora kuliko tungeweza kumpangia: mbele ikajengwa baraza fupi ya saruji, futi moja na nusu kwenda juu, ipakwe chokaa, mume na wageni wake wakae hapo kama wazee walivyokaa. Fedha zilizobaki zikaenda uani, kibaraza cha futi nane kwa kumi na nne chenye ukuta wa matundu. Mama mkwe aliambiwa na mwanawe. Alinuna siku mbili tatu.

Kazi yetu sisi ikawa vitambaa, na hapa tunajiamini. Skuli tuliishia kidato cha nne tukaenda kujifunza ushoni, lakini kitambaa tunakijua kwa kukishika.

Velveti tuliikataa. Nje inanyonya unyevu, ikifika masika inanuka. Saten inapauka na kuchanika kwenye mshono. Kanga ni nzuri kwa mto wa siku ya Idi, ila jua linaila rangi upesi. Tulitumia kikoi kwa mito midogo, na kanvasi kwa mito ya kukalia. Pamba yoyote ifue kabla ya kukata, kwa sababu inarudi, na foronya iliyorudi haivaliki tena. Ishone kwa uzi wa poliesta, kwani uzi wa pamba ukipigwa jua unaoza na mto unafumuka wakati kitambaa bado kizima. Kila mto uwe na zipu, na upande wa chini tia kipande cha chandarua badala ya kitambaa, mvua ikiupata sponji itachuruzika na kukauka. Usiku mito ilale ndani ya kasha. Fundi akikujengea baraza, mwambie aache tundu chini yake, hilo ndilo kasha lako.

Pazia la kibaraza halihitaji marinda mengi kama la chumbani. Pima upana wa uwazi, zidisha mara moja na nusu, basi. Liishie vidole viwili juu ya sakafu lisinyonye maji, na ndani ya pindo la chini pitisha fito au mnyororo mwembamba, ama sivyo kusi italirusha juu ya paa na stara yako yote nalo.

Upande wa bustani hatutasema mengi, kila mtu na mkono wake. Asumini ipande karibu na unapokaa, kwa sababu inafunguka jioni na ndiyo saa yako. Mrehani uwe wa kutosha kuchuma vikuba. Mchaichai pembeni kwa chai. Mlangilangi ni mti mkubwa, uweke mbali na msingi wa nyumba hata kama unautaka kwa roho yako yote. Visahani vya chini ya vyungu vimwage maji kila baada ya siku chache, mbu wa dengi wanazaliana humo.

Yule mwari sasa ana mtoto wa miezi mitatu. Arubaini yake yote aliikaa kwenye kile kibaraza cha uani, na mama mkwe aliyekuja kumlea ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia ndani usiku. Mwezi uliopita bibi huyo amekuja dukani peke yake kutaka mito minne ya kwake. Tumemshonea ya kitambaa cha jinzi, rangi ya kiza, maana anakula tambuu.