Mji Wetu Ulivyoonekana Kutoka Majini

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wazee, na neno lao lilitimia kwetu katika likizo ya mwaka 2019. Kwa miaka mingi tulikaa Bukavu na kuwafundisha watoto habari za ziwa Kivu ubaoni, lakini hatukuwa tumeuzunguka mji wetu kwa njia ya maji hata mara moja. Shemeji yetu alipofika kutoka Kindu akaomba kuonyeshwa ziwa, tuliona haya kumkatalia.

Asubuhi tulipanda mashua ya mota, watu saba. Husemwa kwamba Bukavu ni mkono wenye vidole vitano vilivyotumbukizwa majini, na ndivyo tulivyoona. Tulizunguka rasi moja baada ya nyingine. Nyumba za wakati wa Wabelgiji zilishuka na bustani zao hadi ukingoni, na juu ya vilima nyumba za Kadutu zilibanana kama punje za muhindi. Wavuvi walikuwa wakirudi kutoka uvuvi wa usiku, mitumbwi yao imeunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Shemeji alistaajabu kusikia kwamba sambaza hawakuwamo ziwani zamani; waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tulipokaribia mahali mto Ruzizi unapotoka, tulianza kufundisha kwa furaha. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ikaziba njia, ziwa likajaa, hata likapata mlango wa kusini. Sasa maji huenda Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, huingia Lualaba.

"Na Lualaba yapita kwetu Kindu," akasema shemeji. "Basi ninyi mnatangulia kunawa, nasi tunakunywa."

Hatukujibu, maana mbele yetu maji yalifunikwa na chupa na mifuko ya plastiki. Mwenye mashua alizima mota, akavuta mfuko ulionasa.

"Mwalimu," akasema, "mvua ikinyesha, watu wa vilimani humwaga taka katika mifereji. Zinashuka hapa, halafu zinaziba mashine za umeme kule Ruzizi. Usiku mnakaa gizani, mnauliza sababu."

Tuliinamisha macho. Nyumbani kwetu, kila mvua kubwa, ndoo ya taka ilimwagwa katika korongo nyuma ya jiko. Tulijua, wala hatukukataza. Tuliwafundisha watoto majina ya mito ya Kongo, hatukuwafundisha kwamba mfereji wa nyuma ya jiko nao ni mto.

Juma lile tulichimba shimo la taka pamoja na watoto. Kazi hiyo haikuwasha taa ya jirani yeyote. Lakini mvua za Septemba zilipoanza, ndoo yetu ilikaa mahali pake.

Nawe msomaji unayekaa kando ya ziwa au mto, siku moja panda chombo uutazame mji wako kutoka majini. Utaona uzuri wake, na utaona pia kilichotoka nyumbani kwako.