Mayai chini ya jani

Kwetu ni Bunyakiri, kando ya njia itokayo Bukavu. Mama hulima mihogo, maharagwe na mahindi.

Siku moja, mwaka 2018, nilikuwa nikipalilia mahindi. Yalikuwa yakinifika magotini. Nilipoinua jani moja, niliona kitu kidogo kama pamba chafu. Nikadhani ni uchafu tu, nikaendelea na kazi. Sikumwambia mama.

Baada ya majuma mawili, majani yalikuwa yametobolewa. Ndani ya moyo wa kila mhindi mlikuwa na kiwavi, na kinyesi chake kilifanana na unga wa mbao. Mwaka ule tulivuna kidogo sana. Mama akamuuza mbuzi niliyekuwa nikimchunga, apate kununua unga.

Baadaye mwalimu alitueleza habari za adui huyo. Ni nondo, yaani kipepeo wa usiku. Rangi yake ni ya udongo, na mabawa yake yakikunjuliwa hupata sentimeta 3 au 4. Dume ana doa jeupe penye ncha ya bawa la mbele, jike hana. Mchana hujificha, usiku huruka. Jike hutaga mayai 100 hadi 200 mahali pamoja, mara nyingi chini ya jani, kisha huyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Hiyo ndiyo pamba niliyoiona! Baada ya siku 3 hivi viwavi hutoka. Kiwavi akikua, kichwani huwa na alama ya Y iliyopinduliwa. Mwisho huingia udongoni, akatoka nondo.

Asili yake ni Amerika. Mwaka 2016 alionekana katika Afrika ya Magharibi, na kufika mwaka 2018 alikuwa ameenea karibu katika nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Kwa usiku mmoja, akichukuliwa na upepo, aweza kusafiri kilometa 100.

Sasa, mahindi yakiisha kuota, mimi na mama twapita kila mstari mara mbili kwa juma. Twainua majani, na mayai tukiyaona twayaponda kwa vidole. Mavuno yetu yameongezeka, na mwaka jana mama alinunua mbuzi mwingine.

Watoto wenzangu, mkiona pamba hiyo chini ya jani, msiipite.