Mvinyo Mwepesi wa Makole

Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini miaka ya 1990 wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam, na sisi wa Makole tuliishi katika mji mtulivu wenye vumbi na upepo. Mvinyo haukuwa kitu cha ajabu kwetu. Wamisionari walishapanda mizabibu Bihawana tangu miaka ya 1950, na ndugu zetu wa Hombolo walivuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Chupa haikukosekana nyumbani. Shida ilikuwa joto la Oktoba: glasi mbili za mvinyo wa asilimia 12, na saa moja jioni wageni wameshaanza kusinzia vitini.

Shangazi alipenda mazungumzo kuliko kitu kingine chochote, na hakuvumilia kuona yanakatika mapema. Ndiyo maana aliupunguza mvinyo makali.

Kazi ilianza asubuhi. Alitwanga tangawizi kwenye kinu, akaichemsha na sukari na maji kidogo mpaka ikawa nzito, akaichuja kwa kitambaa cheupe na kuihifadhi kwenye chupa. Uchachu ulitoka kwenye ndimu; zikiadimika, alitumia maji ya ubuyu yaliyochujwa, maana Dodoma mbuyu hauko mbali. Uchachu wa ubuyu ni mpole, na mimi mpaka leo naupenda kuliko wa ndimu.

Alasiri nilitumwa kwa jirani kununua barafu za mfuko. Tulizivunja kwenye beseni, tukalaza humo mvinyo mweupe mkavu na chupa za klabu soda. Hapo Shangazi hakuwa na mzaha. Soda ikiwa vuguvugu, gesi nyingi hutoka mara unapofungua kizibo. Ikiwa baridi sana, gesi hutulia ndani na kupanda taratibu mpaka glasi inapoisha. Mpangilio nao ulikuwa na sheria zake: barafu, kijiko cha tangawizi, uchachu, mvinyo, na soda mwisho kabisa, ikimiminwa pembeni mwa glasi iliyoinamishwa.

“Mwanangu, usikoroge kama uji! Inua mara moja kutoka chini, basi.”

Mililita 100 za mvinyo ule zikipata 150 za klabu soda, kileo hushuka chini ya asilimia 5, sawa na bia nyingi, na barafu ikiyeyuka hupungua zaidi. Jirani yetu Mwislamu alitengenezewa ya kwake bila mvinyo, ya tangawizi, ubuyu na soda, katika glasi zilizotengwa kwa ajili yake tu. Alikaa nasi mpaka usiku, akibishana na Shangazi kuhusu bei ya zabibu na kama Serikali itahamia kweli. Wote wawili walikuwa na akili zao timamu, na hakuna aliyeshindwa kirahisi. Nilijifunza siasa ya nchi hii pale, nikiwa na kazi ya kujaza beseni barafu.

Siku hizi vinywaji vya namna hiyo vinauzwa vikiwa tayari, na kwangu ni vitamu kupita kiasi. Bado natwanga tangawizi mwenyewe. Nimebadilisha kitu kimoja: nachuja mara mbili, kwa sababu machicha yakibaki kwenye glasi, viputo hujikusanya juu yake na gesi huisha upesi.